Wasia Usio na Mlezi: Uanaume, Utani na Urafiki katika Matini za Simu Mtaani Munyaka, Eldoret

Uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili umezoea kuitazama methali kama matini iliyokwisha kukamilika, na kazi ya mhakiki kuwa ni kuifasiri tu. Misemo mipya inapozuka, hasa inapozuka katika simu za vijana badala ya vinywa vya wazee, uhakiki huo hunyamaza, au huiita lugha ya mitaani na kuwaachia wanaisimujamii. Makala haya yanakusudia kuchunguza kundi moja la matini za aina hiyo: yale maandishi mafupi, picha, stika na orodha ambazo vijana wa kiume hupelekeana kwa WhatsApp, TikTok, Facebook na X, na ambazo kwazo hujitambulisha kuwa wanaume na kutambuana kuwa marafiki. Mahali tunapopazingatia ni Munyaka, mtaa mmojawapo wa Eldoret.

Tuanze na misemo miwili. Wa kwanza ni wa kale na unajulikana pote palipo na Kiswahili: mtu ni watu. Wa pili umeenea nchini Kenya katika miaka ya karibuni, na hupatikana kwenye vioo vya matatu, kwenye bodaboda na kwenye skrini za simu: mwanaume ni "effort". Kisarufi misemo hii ni pacha. Kila mmoja una nomino, kishirikishi "ni", kisha nomino ya kukamilisha. Kilichobadilika ni ukamilisho wenyewe. Katika msemo wa kale, mtu hukamilishwa na wingi wake. Neno lile lile hurudi likiwa limebeba wenzake. Katika msemo mpya mwanamume hukamilishwa na jitihada, nomino dhahania isiyo na mtu ndani yake. Nomino hiyo, tena, imeachwa katika Kiingereza, kana kwamba lugha bado haijaamua ni mali ya nani. Si kazi ya mhakiki kuulaani msemo huu. Jitihada ni jambo jema, na kijana anayebeba mawe ya ujenzi tangu alfajiri hana haja ya kufundishwa na sisi maana yake. Swali letu ni hili: wingi ule uliotoweka katika sentensi umekwenda wapi? Dai letu ni kwamba haukutoweka katika maisha ya vijana hawa. Umehamia katika tanzu nyingine za simu iyo hiyo, na kinachotenganisha tanzu zinazomhifadhi mtu na zile zinazomwacha peke yake ni jambo moja la kifani, yaani nafasi ya jibu.

M. M. Mulokozi, katika makala yake juu ya tanzu za fasihi simulizi yaliyotolewa katika Mulika mwaka 1989, alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba haieleweki ikitengwa na fanani, hadhira, mahali na wakati wake. Ushauri huo haujachakaa. Walter Ong, mnamo mwaka 1982, alitabiri kurejea kwa usimulizi kupitia vyombo vya elektroniki, lakini aliwaza hasa redio na televisheni, vyombo ambavyo hadhira yake haina majina. Simu ya leo inamwonyesha fanani orodha ya majina ya waliomtazama. Tutaona kwamba tofauti hiyo ni kubwa.

Munyaka ni neno la Kikuyu lenye maana ya bahati, na mtaa wenyewe umejulikana kwa muda mrefu kuwa na wakazi wengi wenye asili hiyo, katikati ya kaunti ambayo wenyeji wake wengi ni Wakalenjini. Eldoret ilitangazwa rasmi kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024. Ni jiji la wakulima wa mahindi na ngano, la vyuo, na la wanariadha ambao fedha zao za mbio zimegeuka kuwa majengo. Kijana asiye na kiwanja hupita chini ya majengo hayo kila siku akijua kwamba aliyeyajenga alianza na miguu yake tu. Hapa "effort" ina ushahidi wa matofali. Na hapa pia simu ina historia. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo Uasin Gishu ilikuwa kitovu chake kimojawapo, ujumbe mfupi wa chuki ulipita mkononi kwa mkono, na kanisa la Kiambaa, nje ya mji, liliteketezwa tarehe 1 Januari 2008 likiwa na watu waliokimbilia humo. Kijana aliyezaliwa mwaka 2005 hana kumbukumbu yake mwenyewe ya siku hizo. Hata hivyo amelelewa na watu ambao simu ikilia usiku hawaipokei kwa furaha. Kumsoma kijana huyo kama mtumiaji wa "teknolojia mpya" ni kumsoma nusu.

Miongoni mwa tanzu zinazosambaa katika simu za vijana hawa, ulio na nguvu zaidi ni wasia. Mkenya Eric Amunga, anayeandika kwa jina la Amerix, amejipatia wafuasi wengi mno kwa maandishi yake ya kila wiki yaliyo chini ya kichwa ambacho kwa Kiswahili tungekiita Jumamosi ya Uanaume. Maandishi hayo ni ya Kiingereza. Sentensi zake ni fupi, kitenzi kiko katika hali ya kuamuru, na mara nyingi mashauri hupangwa kwa nambari: fanya hili, acha lile, funga kula, jenga mwili, tafuta fedha, usimbembeleze mwanamke, jihadhari na anayelea watoto peke yake. Wapo watakaosema kwamba haya ni mwangwi wa maandishi ya Ulaya na Marekani. Wanataja jina la Andrew Tate, aliyefungiwa akaunti zake na mitandao kadhaa mnamo Agosti 2022, na wanaliona jambo limekwisha. Maelezo hayo ni mepesi. Mbegu inaweza kutoka mbali, lakini haioti mahali pasipo na udongo wake, na udongo wa maandishi haya ni utanzu ambao Waafrika Mashariki wanaujua vizuri.

Katika Kiswahili wasia una ukoo mrefu. Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi mnamo mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Shaaban Robert aliwatungia wanawe tenzi mbili za mawaidha, Adili kwa mwanawe wa kiume na Hati kwa bintiye, naye akaziingiza katika kitabu cha maisha yake mwenyewe. Yaliyomo katika tungo hizo yanaweza kupingwa, na yamepingwa. Wahakiki wa kike wamekwisha kueleza vya kutosha juu ya utii unaofunzwa na Mwana Kupona. Lakini tutazame fani. Anayeusia ana jina, anayeusiwa ana jina, na baina yao pana damu. Zaidi ya hayo, anayeusia anaonekana katika udhaifu wake: ni mgonjwa, au ni mzazi anayeona umri unakwenda. Mamlaka yake hayatoki katika ushindi. Yanatoka katika kukaribia mwisho na kumpenda anayebaki.

Ndivyo ilivyo katika jando pia. Wakikuyu humwita mlezi wa mwali wa kiume mutiiri. Wakalenjini humwita motiriot. Kufanana kwa maneno hayo mawili ni jambo ambalo wataalamu wa lugha wangefaa kulichunguza, hasa katika mtaa kama Munyaka ambako majirani wamewahi kuambiwa kwamba hawana kitu cha pamoja. Mlezi huyo hutoa mashauri makali, na mengine hayasemeki hadharani. Lakini mkono unaotoa ushauri ndio ule uliomshika kijana alipotahiriwa na ndio utakaotazama kidonda chake kesho yake asubuhi. Kijana akilia usiku, mlezi anasikia. Ukali wa maneno umewekewa mpaka na ukaribu wa mwili.

Wasia wa simu umeondoa mambo hayo yote na kuacha ukali peke yake. Anayeusia haugui kamwe. Anayeusiwa hana jina; ni nafsi ya pili tu, na anahesabiwa katika maelfu. Akiwa na swali, anaweza kuliandika chini ya andiko, lakini litakuwa la mia nne na kumi, na halitajibiwa. Hapo ndipo maudhui nayo yanapoharibika. Kijana aliyelelewa na mama peke yake anausambaza wasia unaomwonya juu ya wanawake wa aina ya mama yake, wala hasikii mgongano, kwa sababu utanzu wenyewe hauna mahali pa kumwuliza: je, na wewe ulilelewa na nani? Mlezi wa jando asingeweza kulitamka neno hilo bila kumfikiria mama aliyempikia mwali chakula.

R. W. Connell, katika kitabu chake cha mwaka 1995 juu ya uanaume, alionyesha kwamba uanaume tawala ni ule ambao wanaume wengi huukubali ingawa ni wachache wanaoweza kuuishi. Nadharia hiyo inaangaza vizuri utani mkubwa wa mitandao ya Kenya, yaani lile Kongamano la Wanaume linalodaiwa kufanyika kila tarehe 14 Februari, Siku ya Wapendanao. Kongamano hilo halipo. Lina ajenda, lina barua za mwaliko zenye nembo, lina kumbukumbu za kikao kilichopita, lina faini kwa watakaoonekana wamebeba maua, na lina mwenyekiti. Kila kitu cha mkutano kipo isipokuwa mkutano. Kifani ni tashtiti safi ya lugha ya ofisi za serikali, na waandishi wake, ambao hawajulikani, wanastahili sifa. Wameyasikiliza mabaraza ya machifu kwa masikio makini.

Wengi huchukulia kwamba utani huu ni wa kuwadharau wanawake, na upo upande huo. Lakini msomaji azingatie tarehe. Siku ya Wapendanao ni siku ya gharama: maua, chakula cha hotelini, nauli ya kurudi. Kijana asiye na kitu mfukoni ana njia mbili, aseme sina au asiwepo. Kongamano linampa njia ya tatu. Hayupo kwa sababu ameitwa kikaoni. Aibu ya umaskini imevalishwa joho la msimamo, na kila msomaji wa kiume anajua hivyo, na kicheko kinatokana na kujua huko kwa pamoja. Kwa maana hiyo utani huu ni ungamo la umma ambalo hakuna hata mmoja aliyelazimika kulitamka. Kilichotungwa hapa, tukitazama vizuri, ni hamu ya vijana wa kiume kuwa na mahali pa kukutana.

Mwenyekiti aliyechaguliwa na utani alikuwa mtu halisi wa Uasin Gishu. Jackson Kibor, mkulima tajiri na mwanasiasa mkongwe wa KANU, alikuwa amepita umri wa miaka 80 mnamo mwaka 2017 kesi zake za talaka katika mahakama ya Eldoret zilipoandikwa sana magazetini. Mitandao ikamtawaza, na alipofariki mwezi Machi 2022 aliombolezwa nchi nzima kwa cheo ambacho hakikuwahi kuwapo. Taashira zinazomzunguka ni ardhi, mifugo na wake, yaani vile vitu vitatu ambavyo mpangaji wa chumba kimoja Munyaka hana. Mwenyekiti ni yule ambaye wanachama hawawezi kuwa. Hapo Connell angetabasamu. Lakini kuna jambo ambalo Connell asingelijua. Mwezi Februari 2008 Kibor alishtakiwa kwa tuhuma za uchochezi kufuatia mahojiano na BBC yaliyohusu Wakikuyu wa eneo hilo na ghasia za wakati ule. Hakutiwa hatiani. Hata hivyo, kijana wa Munyaka anayeisambaza picha ya Mwenyekiti na kucheka, anacheka na mtu ambaye jina lake, katika nyumba ya wazazi wake, huenda lilitajwa kwa sauti ya chini.

Tuufasirije utani huo? Mtu anaweza kusema kwamba ni usahaulifu. Mwingine atakumbusha kwamba utani wa makabila, kama tunavyoujua Tanzania na kwingineko, mara nyingi ulielezwa kuwa ulizaliwa kutokana na vita vilivyokwisha; waliopigana ndio waliopewa haki ya kudhihakiana. Mimi naelekea kwenye fasiri ya pili, ila kwa tahadhari. Utani wa jadi uliwakutanisha watani ana kwa ana, msibani na arusini, nao ulikuwa na jibu la lazima. Utani wa Mwenyekiti umewaunganisha Mkikuyu na Mkalenjini kwa kumtaja mtu wa tatu ambaye hayupo, naye ni mwanamke. Amani iliyopatikana hivyo ina gharama, na anayeilipa hakualikwa.

Gharama hiyo si ya kinadharia katika sehemu hii ya Kenya. Agnes Tirop, mshindi wa medali za dunia katika mbio za mita 10,000, aliuawa nyumbani kwake Iten mwezi Oktoba 2021. Rebecca Cheptegei, Mganda aliyekimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia tarehe 1 Septemba 2024, akafia siku nne baadaye katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, hapa Eldoret. Iliripotiwa kwamba palikuwa na mgogoro wa ardhi. Mhakiki wa fasihi hana zana za kuthibitisha kwamba wasia wa simu huua, na anayedai kuwa nazo anajidanganya. Anachoweza kusema ni juu ya sarufi. Wanawake hawa walikuwa na ile "effort" kwa kipimo ambacho wanaume wengi hawatakifikia, na bado lugha ya mitandao iliyowapokea wakiwa maiti ilikuwa na watu walioanza kwa kuuliza mwanamke alikuwa amemfanyia nini mwanamume. Msemo unaosema kwamba mwanaume ni "effort" umekwisha kuamua kwamba jitihada ya mwanamke ni wizi wa sifa ya mtu mwingine.

Turudi kwenye urafiki, maana hapo ndipo matini hizi zina utajiri ambao uhakiki haujaugusa. WhatsApp ilianzisha stetasi zake za sasa mnamo Februari 2017. Stetasi hudumu saa 24, kisha hufutika. Mwenyewe huona majina ya walioitazama, na anaweza kuchagua wasioiona: mama, mjomba, mchungaji, mwenye nyumba. Kwa istilahi zetu, ni majigambo ambayo hadhira yake imechujwa. Katika vivugo vya jadi shujaa alijisifu mbele ya watu walioijua vita aliyopigana, nao wangeweza kumcheka akitia chumvi kupita kiasi. Sifa ilipimwa palepale. Kijana anayepiga picha mbele ya gari lisilo lake hupata macho 63 na sauti sifuri. Ukimya huo haumaanishi kitu, kwa hiyo anaupa maana mwenyewe: rafiki aliyetazama asiseme neno ameona wivu, ambaye hakutazama amenuna. Methali yetu husema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Stetasi haina dhiki ndani yake, basi haimpi rafiki nafasi ya kufaa.

Lakini simu iyo hiyo imehifadhi mchongoano. Mchezo huu wa kudhihakiana kwa zamu, ambao kila mtoto wa mitaa ya Kenya ameucheza, una sheria moja isiyovunjwa, kwamba lazima ujibu. Tangu stika zilipoingia WhatsApp mwishoni mwa mwaka 2018, mchongoano umepata fani mpya. Rafiki amepigwa picha akilala kwenye kiti mdomo wazi, au akila muguka macho yamemtoka, na picha hiyo hukatwa pembeni, hugeuzwa stika, na tangu siku hiyo huingia katika msamiati wa kikundi. Mtu akitaka kusema kwamba amechoka, hutuma uso wa rafiki yule. Akitaka kusema haamini, hutuma uso wake wa siku nyingine. Uso wa mtu umekuwa neno. Sijui utanzu mwingine, wa zamani wala wa sasa, ambamo marafiki husemezana kwa miili yao kiasi hiki. Na ni wanaume wale wale wanaosambaza mashauri ya kutoonyesha udhaifu. Katika stika kila mmoja wao amehifadhiwa akiwa dhaifu, na udhaifu wake ni mali ya wote. Mwenye uso hawezi kuuzuia. Anachoweza ni kujibu kwa uso wa mwenzake, na hujibu.

Wingi ule tuliouuliza mwanzoni upo hapo. Upo pia, kwa sura ya huzuni zaidi, katika orodha za michango. Kijana akianguka na bodaboda, akilazwa au akifa, kikundi kipya hufunguliwa kwa jina lake ndani ya saa moja au mbili. Mweka hazina huandika nambari ya M-Pesa, kisha orodha inaanza: 1, jina, kiasi, 2, jina, kiasi. Kila anayetoa hunakili orodha yote, huongeza mstari wake, na huirudisha, hivi kwamba matini moja hutumwa mara themanini, kila mara ikiwa ndefu kwa mstari mmoja. Umbo lake ni lile la wasia wa Jumamosi, mistari mifupi yenye nambari, lakini kila nambari hapa ni mtu, na kila mstari ni jibu la mstari ulioutangulia. Anayesoma nambari 14 na kuona jina la kinyozi wake hawezi kubaki nje kwa urahisi.

Mpaka siku hiyo ifike, mara nyingi aliyefunguliwa kikundi hakuwa amemwambia yeyote kwamba kodi ya miezi mitatu imemlemea. Stetasi zake zilikuwa za jitihada. Zile za mwisho hufutika kabla ya mazishi, huku nambari yake ikibaki katika kikundi cha stika, na uso wake ukiendelea kutumwa kwa siku kadhaa na mtu ambaye hajapata habari.

Mstari mmoja wa orodha hizo unastahili kutajwa kwa namna ya pekee. Kati ya majina huwapo mtu aliyejiandika "Rafiki" tu, bila jina, na mbele yake shilingi 50. Wafadhili wakubwa nao hujificha nyuma ya neno hilo pengine, lakini mara nyingi kiasi ni hicho, na sababu ni hicho. Ni mtu anayeona haya kwamba jitihada yake haikufika hata mia, na bado amelinakili tungo lote la wenzake, akahesabu, akaandika 37, akalituma.